Mke Ulimi, Mume Mkono

Fundi makufuli alikuwa na sifa moja mtaani: hakuna kitasa kilichomshinda. Milango ya waliopoteza funguo, masanduku ya marehemu, hata geti la zimamoto lililogoma siku ya moto, vyote vilimfungukia. Kilichomshinda ni mdomo wa mkewe, na huo ulikuwa umefungwa tangu alipohamisha cherehani.

Mkewe alikuwa mshonaji wa mapazia. Waliishi nyumbani kwa mama yake huyo mke, na cherehani yake ilikaa dirishani penye mwanga tangu kabla hawajaoana. Siku mkewe alipokwenda kumuuguza shangazi yake, Fundi aliona ameachiwa uwanja. Akaisukuma cherehani hadi koridoni, karibu na mlango wa choo, na pale dirishani akaweka mashine yake ya kuchonga funguo ili wateja wamwone. Mkewe aliporudi, Fundi alimpokea kwa bashasha, akamweleza kwamba koridoni hakuna jua, atashona kwa raha.

"Ungeniuliza," mkewe akasema. Basi. Hakuongeza la pili.

Kesho yake begi kubwa la kahawia lilionekana limekaa karibu na mlango wa mbele, limejaa, zipu imefungwa mpaka mwisho. Begi hilo ndilo lililomnyima Fundi usingizi. Kila akitoka kwa wateja alitembea haraka, na kabla hajasalimia mtu alilitafuta kwa macho kuona kama bado lipo. Alimpenda mkewe, na wazo la kuamka siku moja akakuta begi halipo lilimkausha mate. Neno la kumwambia alikuwa nalo, tena fupi, lakini kiburi ni mzigo, na mwanamume huyu alikuwa hodari wa kubeba mizigo.

Aliyeleta balaa, au dawa, ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyeitwa Refa kwa sababu hata harusini alikwenda na filimbi. Yeye ndiye aliyeendesha mashindano ya sataranji katika ukumbi wa mtaa, na safari hii alikuja na mtindo mpya. Watu wanacheza wawili wawili kwa upande mmoja. Mmoja ni Ulimi: anataja kete ya kusogezwa, farasi au askari au ngome, hasemi zaidi. Mwenzake ni Mkono: anaisogeza kete hiyo anakoona yeye. Kuulizana ni marufuku, kukonyezana ni kosa, na kete ikishaguswa lazima ihame.

"Nimeshawaandikisha," Refa alisema wakati wa chakula. "Wenzenu itabidi wajikaze wasiseme. Ninyi mna kipaji."

Mke wa Fundi akaitikia kwa kichwa. Jioni hiyo wakaweka ubao mezani, naye akatamka, "Farasi." Fundi nusura alie. Sauti ya mkewe! Akamrusha farasi kokote tu, mkewe akafumba macho kama mtu anayeumwa jino, lakini Fundi alikuwa na furaha ya bwana harusi.

Kutoka ubaoni mchezo ukahamia mezani. Asubuhi moja mkewe alisema, "Chumvi." Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia, akaichukua kwa mama mkwe na kuiweka karibu na sahani ya mkewe. Hakupingwa. Kisha ikawa "Ndoo." Ikawa "Taulo." Ikawa "Kiti." Mke anataja, mume anaamua pa kuweka, na nyumba ikaenda hivyo bila sentensi hata moja. Majirani walianza kusimama dirishani kutazama chai ikinywewa.

"Birika liko hatarini hapo!" mmoja alinong'ona.

"Subiri, kuna kikombe kinalilinda."

Siku moja mkewe alifagia, akafika kwenye kiti cha mama yake, akasema, "Mama." Fundi akamtazama mama mkwe, akakitazama kiti. Akapiga moyo konde, akamnyanyua mama mkwe pamoja na kiti chake, akaanza kumbeba kuelekea barazani.

"Mkwe wangu, unanipeleka wapi?"

"Kete haisemi, mama," Refa akamkanya.

Mama mkwe akanyamaza. Huko barazani kulikuwa na upepo mzuri, na tangu siku hiyo aliketi kila asubuhi akisubiri kutajwa.

Lakini cherehani haikutajwa. Wala begi. Kila mkewe alipofungua mdomo karibu na mlango wa mbele, Fundi alisogea akasimama mbele ya begi.

Mashindanoni walipita kama kisu kwenye siagi, wala si kwa ustadi. Wenzao walitolewa mmoja baada ya mwingine kwa domo. Mfamasia na mkewe waligombana juu ya askari mmoja mpaka wakatenganishwa. Walimu wawili walitolewa kwa sababu kila kete waliitolea maelezo. Fundi na mkewe walikaa kimya, wakashinda, wakashinda tena, hata wakafika fainali dhidi ya maseremala wawili wa majeneza, watu ambao nao kazi yao haikuwafundisha maneno mengi.

Mchezo ulikuwa wa kufa na kupona. Mwishoni njia ilifunguka, nyeupe kabisa, mpaka kwa mfalme wa maseremala. Mkewe akavuta pumzi.

"Malkia."

Hata mama mkwe, asiyejua sataranji wala drafti, alionyesha njia kwa kidevu. Lakini Fundi alimwona malkia amesimama peke yake katikati, kete za watu zimemzunguka, akaingiwa na huruma. Akamshika, akamrudisha hadi pembeni, nyuma ya ngome, mahali pasipo na bughudha. Kisha akamtazama mkewe kwa tabasamu la mtu aliyetenda wema.

Uso aliokutana nao aliujua. Ulikuwa ule ule wa siku ya cherehani. Hapo, mbele ya ukumbi mzima, Fundi alijisikia mwenyewe akisema, koridoni hakuna jua, utashona kwa raha, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Maseremala wakammaliza mfalme wake polepole, kwa adabu, kama wanaopima mteja.

Walirudi nyumbani. Mkewe akavua viatu, akapita sebuleni, akasimama mlangoni.

"Begi," akasema.

Refa akaweka filimbi mdomoni. Mama mkwe akavuta kiti. Fundi alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, vidole vikagusa kishikio.

"Umeshagusa!" mama mkwe akasema. "Lihame hilo."

Akalinyanyua. Zipu, iliyokuwa imevumilia siku zote hizo, ikapasuka. Likachungulia shati la bluu. Ikafuata suruali, fulana, wembe, na ule mswaki alioutafuta mpaka akachoka akanunua mwingine. Vyote vyake. Hapakuwa na kanga, wala sindano, wala kitu chochote cha mwanamke. Wiki zote hizo Fundi alikuwa analinda begi lisiondoke na mkewe, naye asijiulize mtu anahamaje nyumba ya mama yake mzazi akamwachia mkwe. Wa kuondoka alikuwa yeye.

Kwa sheria, chaguo lilikuwa lake. Angeweza kulisukuma uvunguni na hakuna ambaye angepinga. Fundi wa zamani angefanya hivyo, tena angeeleza kwamba uvunguni hakuna vumbi.

"Mke wangu," alisema, "niliweke wapi?"

Filimbi ikalia. "Kosa! Mkono hauulizi!"

"Nyamaza wewe," dada yake akamwambia. "Mwache aulize."

Mkewe akatazama koridoni.

"Kwanza cherehani," mkewe akasema.

Fundi alitaka kulitua begi, mama mkwe akakataa, kete haiachwi njiani. Basi akalivaa shingoni, miguu ya suruali inaburuta, akaikokota cherehani kutoka koridoni mpaka dirishani. Akainyanyua mashine ya funguo.

"Na hii je?"

"Koridoni. Hakuna jua, utachonga kwa raha."

Fundi akaipeleka. Aliporudi mkewe alikuwa ameshaketi dirishani, anafuta vumbi kwa kiganja, anatunga uzi kwenye sindano. Yeye akasimama mbele yake na begi lake shingoni.

"Nimekosa," akasema. "Ningekuuliza."

Mkewe hakuinua macho.

"Shati la bluu."

Fundi akalitoa. Akatazama meza, akatazama kiti, kisha akaliweka mkononi mwa mkewe.

"Limechanika kwapani," mkewe alisema, akilisogeza chini ya sindano. "Niliona nilipokuwa nalifungasha."

"Na begi?"

"Toa vitu vyako kwanza. Begi tupu linakaa juu ya kabati."