Siku Tisa za Mbea wa Mlangoni

Mbea alikuwa amekata kauli tena.

Mama Cherehani alisimama mlangoni, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni, akakibonyeza kile kidude cheupe kilichobandikwa kwenye fremu. Kimya. Hata kile kitaa chake chekundu hakikupepesa. Betri ya siku nane tu, imekwisha!

Mbea ni jina walilokipa wenyewe pale nyumbani, maana kazi yake ni kusema nani katoka. Mlango ukifunguliwa, Mbea hupeleka habari hewani kwenye kisanduku kilichoko chumba cha ndani, na kisanduku huamsha simu ya Mama Cherehani: ngri, ngri! Basi yeye huacha kushona, akavaa viatu, akatoka mbio.

Anamkimbilia nani? Mumewe, Mzee Tarishi. Mzee alipeleka barua miaka thelathini na minne. Siku hizi kumbukumbu zimemtoroka, ila miguu haijasahau njia. Hamu ikimjia, huvaa mkoba wake mtupu begani, huyo! Mkewe humkuta kona ya pili, wakazunguka pamoja taratibu, wakarudi wakicheka.

Lakini asubuhi ya Alhamisi hiyo Mbea alizimika, na mzee akafika peke yake mpaka barabara kuu, katikati ya magari. Mwuza vifaa vya ujenzi ndiye aliyemshika mkono. Binti yao aliposikia, alipiga simu akifoka.

"Mara tatu mwezi huu, mama! Leo saa kumi nakuja na kufuli. Piga ua, mlango unafungwa."

"Baba yako umfungie kama kuku?"

"Afadhali kuku aliye hai."

Maneno hayo yalimchoma Mama Cherehani, maana yalikuwa na ukweli ndani yake. Alimjua mumewe. Mtu yule ukimnyima njia, hamalizi mwaka.

Saa saba akaja fundi, aliyekwisha kuelezwa kwa simu habari ya kufuli, ambaye mtaa mzima unamwita Haraka. Hata salamu hajamaliza, bisibisi iko mkononi.

"Shikamoo mama. Tunamng'oa huyu, tunaweka mpya, betri mpya, tunamhamishia juu, na..."

"Marahaba. Weka chini hiyo bisibisi, mwanangu."

"Mama, saa kumi si mbali!"

"Ndiyo maana. Cherehani ikiruka mishono, nabadilisha sindano peke yake, nashona, natazama. Nikibadilisha sindano na uzi na mkanda kwa mpigo, itapona, sawa, lakini sitajua ilikuwa inaumwa nini. Kesho itaumwa tena. Kitu kimoja kimoja."

Haraka akashusha pumzi kama tairi. Mama akaleta kopo la vifungo. Ndani mlikuwa na betri nne zilizokufa, bapa, za mviringo, kila moja imefungwa karatasi yenye tarehe.

"Mama umezizika kwa majina!" fundi akacheka.

"Cheka, lakini soma."

Akasoma, kicheko kikapungua. Betri ya kwanza ilikaa miezi kumi na moja. Ya pili siku tisa. Ya tatu siku kumi. Ya nne siku nane.

"Mbea ni huyuhuyu?"

"Huyuhuyu. Na duka la betri ni lilelile."

Wakaanza. Kwanza betri: fundi alipima mpya kwa kipimo chake, imejaa tele. Si betri. Pili sumaku ya mlangoni, ile inayomwambia Mbea mlango umefungwa au umefunguka. Mama akavua utepe shingoni, akapima nafasi katikati: nusu sentimita, haijasogea, haitikisiki. Si sumaku. Moyo wa Mama ulianza kwenda kasi, si kwa hofu, ila kama mtu anayefumua mshono akaona uzi unaanza kulegea.

Fundi akamtia Mbea betri ile mpya, akafungua simu yake inayohesabu miito ya Mbea, akafungua mlango mara moja tu. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa.

"Mama! Njoo uone! Mlango umefunguka mara moja, Mbea ameita mara ishirini na tatu!"

"Ameita nani?"

"Kisanduku! Anaita hajibiwi, anarudia, anaita tena mpaka asikike kwa shida. Ni kama anamwita mtu aliyetia nta masikioni. Anapiga kelele mchana kutwa mpaka nguvu zinamwishia. Kisanduku umekiweka wapi?"

Mama Cherehani akatazama kule chumba cha ndani. Akashika shavu. Kisha akaangua kicheko mpaka akajishikilia ukutani.

"Kimefungiwa, mwanangu. Nimekifungia mwenyewe."

Akamwongoza fundi mpaka chumba cha ndani. Pale palisimama kabati la chuma, zawadi ya binti yake, refu, linang'aa. Mama alifungua milango yote miwili. Ndani, juu ya nguo za wateja, kisanduku kilikaa kimefunikwa kitambaa cha kufuma, nyaya zake zimepitishwa tundu la nyuma. Alikuwa amekikinga na vumbi na wezi.

"Kabati lilikuja lini?"

"Wiki moja kabla betri ya kwanza haijafa."

"Chuma pande zote, mama! Habari zitapenya wapi?"

Haraka akanyoosha mkono kunyakua kila kitu. "Kisanduku tu!" Mama akamkemea. Wakakitoa, wakakiweka juu ya rafu ya mbao. Wakarudi mlangoni mbio, bibi na fundi, nusura wapigane vikumbo ukumbini.

Mama akafungua mlango. Ngri! "Mara ngapi?"

"Moja! Mama, moja tu!"

Akafunga. Moja. Akafungua. Moja! Wakafanya hivyo mara kumi, wakipiga makofi, mpaka Mzee Tarishi akatokea na mkoba wake.

"Kengele zote hizi, kuna barua?"

"Ipo, baba watoto," Mama akasema, machozi ya kicheko yakimtoka. "Na imefika."

Saa kumi binti alikuja na kufuli kubwa kama ngumi. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akaona aibu kidogo kusikia kabati lake limetajwa.

"Leo inafanya kazi. Je, siku ya tisa?"

"Nipe siku tisa. Betri ikifa, utafunga kwa mkono wako na sitasema neno."

Siku tisa hizo Mama alizihesabu kwa pini kwenye mto wa sindano. Kila asubuhi aliwasha simu roho juu. Siku ya tano, betri ya Mbea mia kwa mia. Siku ya nane, ile iliyoua betri ya nne, hakunywa chai kabla ya kutazama. Mia!

Siku ya tisa binti akaja na kufuli lake, akamkuta Mama chumba cha ndani. Mama akamtia simu mikononi. Tisini na tisa. Kabla binti hajajibu, simu ikalia mikononi mwake: ngri, ngri!

Kule ukumbini, kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

"Mama, baba katoka!"

"Nimesikia. Na wewe umesikia. Haya, leo zamu yako!"

Binti akatupa kufuli juu ya kabati la chuma, akaingiza miguu kwenye ndala za mama yake, zilizomzidi ukubwa, akatoka mbio zikipiga pata pata, huku akiita, "Baba! Ningoje, twende wote!"