Mshono wa Kwapani

Mlango wa nyuma ulikuwa mfupi, wa kutolea mabaki ya vitambaa, na fundi, mwenye kiuno kibovu, ilimbidi aupite kwa magoti. Ndani, madirisha yalizibwa kwa magunia ili mlio wa vyerehani usifike barabarani. Joto lilikuwa la kupika mtu. Lango la mbele lilikuwa na kufuli la serikali na tangazo lenye muhuri: kiwanda kimefungwa.

Tangazo hilo alilibandika Afisa wa Biashara mwenyewe, mbele ya kamera. Nchi jirani ilikuwa imevamia nchi ndogo ya ng'ambo ya milima, na serikali, kwa hasira nyingi, ikapiga marufuku kumuuzia mvamizi chochote, hata uzi. Watu walishangilia. Fundi naye alishangilia, maana mdogo wake aliolewa huko huko kulikokuwa kukipigwa mabomu. Kesho yake akaachishwa kazi pamoja na wenzake wote.

Walikaa na njaa mpaka bosi alipowaita wachache, kwa nusu mshahara, midomo ifungwe. Makoti ya jeshi aliyoyaagiza mvamizi yangekwenda vilevile. Kilichobadilika ni lebo tu: walizifumua za kwao kwa wembe, wakashona za nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Na Afisa? Alikuja kila mara. Aliinama mlangoni kama wao, akanywa soda ofisini kwa bosi, akatoka na bahasha. Shavu lilikuwa limeanza kumjaa.

Fundi alijua fika makoti yanakokwenda. Aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo, na bado alirudi kila asubuhi, kwa sababu wanawe walikuwa wanakula.

Kisha mdogo wake akafika, mtoto mgongoni, begi moja mkononi. Mumewe alikuwa amebaki mlimani anapigana. Wakabanana wote katika chumba kimoja. Hakulia wala hakusimulia mengi, ila baada ya siku mbili tatu alisema hawezi kula bure, atafutiwe kazi; si walijifunza wote kwenye cherehani cha mama yao? Fundi akapiga chenga. Kiwanda kimefungwa, hakuna kazi mji mzima. Mdogo mtu akaanza kumchomoa nyuzi za kijani zilizonasa kwenye gauni, mmoja mmoja.

"Dada, mimi si mtoto," alisema.

Bosi alimpokea kwa mikono miwili, kwa robo mshahara. Mkimbizi asiye na karatasi atamshtaki kwa nani?

Asubuhi hiyo hiyo mdogo mtu alilishika koti, akaligeuza ndani nje. "Haya ni ya jeshi. Yanakwenda wapi?"

Cherehani cha jirani kikanyamaza. Msimamizi akageuza shingo. Fundi alikuwa na jibu ulimini, na alijua likitoka mdogo wake atapita mlango ule akipiga kelele, na kabla ya mchana wote watakuwa nje, wao na watoto wao.

"Kwenu," alisema. "Yanakwenda kwenu. Ndiyo maana tunajificha, mvamizi asijue."

Mdogo wake aliuzika uso ndani ya koti. Alipouinua alikuwa anatabasamu, mara ya kwanza tangu afike. Mafundi wengine waliinamia kazi zao. Hakuna aliyethubutu kumtazama, na hakuna aliyemsahihisha dada yake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemfikia mdogo mtu kwa kazi. Aliwahi kufika, akachelewa kutoka, na chakula cha mchana alikila huku anashona. Hata msimamizi, ambaye kusifu kwake ni kama kutoa jino, alimsifu. Afisa alipopita na soda yake, alisimama nyuma ya kiti chake, akasema wafanyakazi wote wangekuwa na moyo kama wa huyu, nchi ingefika mbali.

Siku mzigo ulipokuwa unafungwa, mdogo mtu alikuwa amerudisha koti moja mapajani, anavuta mshono wa kwapani kwa vidole.

"Hapa pataachia," alimwambia fundi. "Shemeji yako akiinua bunduki, hapa ndipo panapochanika, na baridi ya kule inaingilia hapa hapa. Nataka nirudie yote." Tayari alikuwa amekwisha kurudia rundo zima, mshono juu ya mshono. "Uzi umeniishia. Niongezee, dada."

Fundi aliingiza mkono kwenye sanduku. Akachagua ule mgumu, usiokatika hata kwa meno, akamtungia sindano.