Mahali pa Kulaza Lori

Mtunza stoo wa hospitali hakuwa mtu wa kukaa na kero wiki nzima akiikuna kama kipele. Jumatano alipotoka kazini alitia futi kamba mkobani, akaenda kumtafutia mumewe mahali pa kulaza lori.

Mumewe alikuwa dereva wa safari ndefu. Wiki tatu barabarani, siku tatu nyumbani. Ila hizo siku tatu alikuwa hazimalizii nyumbani. Kampuni ilikataza lori kuachwa bila ulinzi, na mtaani kwao njia ilikuwa nyembamba. Siku aliyothubutu kuliegesha mbele ya nyumba, majirani watatu walishindwa kutoa magari yao, wakaja kugonga mlango kwa zamu. Tangu hapo aliliacha kwenye sheli ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima, akalala humo humo kulinda mafuta na matairi. Mwezi uliopita alilala nyumbani siku moja tu, zilizobaki akaja kuoga na kula.

"Hata mgeni wa hoteli anakaa zaidi yako," mkewe alimwambia.

Mumewe alicheka, akaomba taulo.

Ua wa kuuzia mbao ulikuwa mtaa wa pili, dakika tano kwa miguu. Una ukuta, una mlinzi, una mbwa asiye na urafiki na mtu. Mwenye ua alikuwa mjane mnene, penseli sikioni, watu wote wakimwita Mama Mbao.

"Linakuja tupu au na mzigo?" aliuliza.

"Tupu, dada. Anashusha kwanza ndipo anakuja."

"Linavuja oili?"

"Likivuja nitakuja kupangusa mwenyewe."

"Na mumeo ni wale wa kupiga honi alfajiri?"

"Huyo hata akipiga chafya anaomba radhi."

Mama Mbao alimtazama juu mpaka chini. "Mwaka wa tatu huu nakuona ukipita na mtoto. Mimi nilijua huna mume."

"Kuna siku na mimi nasahau."

Walicheka wote wawili, na mambo yakaisha hapo. Mama Mbao alisema lori likikaa uani litamfukuzia wezi wa mbao, hilo linamtosha. Mtunza stoo akapima geti: futi kumi na nne. Akaandika kiganjani, akampigia mumewe.

"Nimepata mahali. Ijumaa unalala kwako."

"Haya, Mama Stoo," mumewe akasema. "Umeshinda."

Ijumaa saa tisa alasiri lori likaja, refu kama ukumbi wa harusi. Kichwa kiliingia getini vizuri kabisa. Kisha tela likaanza kukata kona, likaelekea kwenye rundo la mbao lililopangwa ndani ya geti, upande wa kushoto. Dereva akakanyaga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Mke wangu, ulipima geti?"

"Futi kumi na nne."

"Na kona je?"

Mkewe aliigeukia kona. Hospitali anapokea makabati, friji, vitanda vya wagonjwa. Hivyo vyote ukishajua upana wa mlango umemaliza. Kitu chenye mkia unaopita njia yake wenyewe hajawahi kukipokea.

"Usicheke," alimwambia.

"Sijacheka."

"Unacheka na mabega."

Akavua viatu vya kazini, akashika ubao wa kwanza. Mama Mbao alipoona hivyo akawaita vijana wake wa msumeno, na kwa nusu saa rundo likahamia ukutani. Dereva akarudi nyuma, akaingia tena, akalilaza lori sambamba na ukuta, hakugusa hata ganda la mbao. Injini ikazimwa.

Lakini hakushuka.

Mkewe alisubiri. Akaosha mikono bombani, akavaa viatu, akasubiri tena. Mwishowe akapanda ngazi ya lori, akafungua mlango wa abiria. Mumewe alikuwa anafuta usukani kwa kitambaa, usukani ambao tayari uling'aa.

"Twende."

"Tangulia. Nikague matairi kwanza."

"Matairi yana mlinzi na mbwa. Kuna nini?"

Aliendelea kufuta. "Kuna yadi nyingine," akasema baadaye. "Nyuma ya soko. Ina mlinzi, na kampuni imeikubali. Nimeijua tangu mwezi uliopita, siku ile niliyolala nyumbani."

"Ukaendelea kulala sheli."

"Kiroboto alinililia."

Kiroboto ndiye binti yao, wa miaka mitatu, aliyeitwa hivyo kwa kutotulia mahali pamoja.

"Nilipombeba alilia mpaka akatapika," dereva alisema. "Ukamchukua, mkalala. Mimi nikalala kwenye kochi. Nikamsikia anakuuliza, huyu mjomba anaondoka lini?"

Mtunza stoo alifungua mdomo kumwambia kwamba mtoto wa umri ule hulilia hata kijiko kikibadilishwa. Akaufunga. Lile swali alilisikia usiku ule, na alimjibu mtoto kwa usingizi, "Kesho kutwa," bila hata kumsahihisha.

"Ningemwambia wewe ni nani," alisema. "Nilichoka. Nisamehe."

Mumewe alitikisa kichwa kwamba hakuna neno, lakini macho hakuyainua.

"Kaa hapo hapo. Usishuke."

Baada ya robo saa mkewe alirudi na Kiroboto mkononi. Akampandisha ngazi ya kwanza, ya pili, akamkalisha kwenye kiti cha abiria, na yeye akabaki amesimama mlangoni.

"Hodi," akasema. "Tumekuja kumtembelea baba kwake."

Dereva aliwatazama. Kisha akaweka kitambaa chini. "Karibuni. Ila hapa kwangu viatu tunavua."

Kiroboto alivua viatu haraka, maana sheria hiyo aliijua. Akagusa redio, akagusa feni ndogo, akaangalia huku na huku kama anayepanga kuhamia.

"Unalala wapi?"

Baba yake akavuta pazia nyuma ya viti. Kulikuwa na godoro jembamba, blanketi lililokunjwa na mto mmoja. Mtoto alipanda, akalala chali, akajipima. Miguu yake haikufika hata katikati.

"Jikoni ni wapi?"

"Sina chumba cha jiko. Nina jiko la gesi dogo tu, naliweka chini nje."

"Choo?"

"Choo pia sina."

Kiroboto akaketi. Jambo hili lilimgusa. Alimtazama mama yake, akamtazama baba, akasogea mpaka ukingo wa godoro.

"Sisi tunacho," akasema.

"Kweli?"

"Cha kuvuta maji. Njoo nikuonyeshe."

Dereva alifunga milango ya lori, akaukagua kila mmoja, akamkabidhi mlinzi namba yake ya simu. Kiroboto alimshika kidole kimoja, akamtoa getini akimweleza kwamba mlango wao ni wa buluu na kwamba kochi lina shimo. Mtunza stoo alifuata nyuma na begi la nguo chafu. Penye njia panda mtoto alikata kulia, njia ndefu ya kuzunguka. Mama yake hakumrekebisha.