Kibuyu cha Njia ya Newala

Mchana ule kibanda cha Zena pale sokoni Masasi kilijaa. Waliokula mkate wake waliweza kusahau kwamba mwaka jana tu, vita vilipoisha, walikuwa wakichimba mizizi porini. Ulikuwa mkate bapa wa unga wa muhogo, mpana kama ungo mdogo, juu yake ufuta uliopondwa, nyanya na samaki mkavu wa Ruvuma, ukapikwa kwa makaa juu na makaa chini. Na pilipili! Mama Siti, ndivyo wateja walivyomwita Zena, hakuionea huruma pilipili.

Lakini siku hiyo Zena hakuwa akipika kwa ajili ya wateja. Alikuwa akimpikia Akida Halfani, mtawala aliyewekwa pale na Wadachi, aliyetuma askari wake asubuhi kusema atakuja kula. Mtu huyu ndiye aliyemfunga Rajabu, mume wa Zena. Na kosa la Rajabu lilikuwa nini? Alikutwa njia ya Newala na kibuyu cha maji. Kila anayeujua uwanda wa juu wa Newala anajua hakuna maji kule, na asiyebeba yake atakauka njiani. Akida, mtu wa pwani, aliona kibuyu akaona dawa ya vita, yale maji yaliyosemwa kuwa hugeuza risasi. Mwezi wa tatu sasa Rajabu alikuwa akiponda mawe ya barabara, mnyororo shingoni, na mvua za kupanda zilikuwa zinakaribia. Zena alikuwa amelia mwezi wa kwanza. Baadaye aliona machozi hayalimi shamba.

Akida akaingia. Watu wakainuka.

"Shikamoo, Akida."

"Marahaba. Leteni huo mkate unaosifiwa."

Zena akamnawisha mikono, akaweka sinia mbele yake, limefunikwa kawa. Kisha akakaa chini, akakunja mikono.

Akida akangoja. Harufu ya ufuta ilipenya kwenye kawa, na tumbo lake likanguruma hata askari akatazama pembeni.

"Mbona hufunui?"

"Mimi ni mpishi tu, Akida. Kwetu anayefunua kawa na kuonja kwanza ni mwenye nyumba, mgeni aone hakuna ubaya. Kibanda hiki alikijenga Rajabu."

"Basi onja wewe."

"Mpishi huonja jikoni. Hapa siwezi."

Akida akamgeukia askari. "Onja."

Askari akatikisa kichwa. Tangu vita vile, hata wenye bunduki waliogopa chakula kisichofunguliwa na mwenyewe. Mzee Mohamedi wa Chiwata, aliyekuwa pembeni na kipande mkononi, akakohoa.

"Desturi ndiyo hiyo, Akida. Sisi tumekula sinia alilofungua shemeji yake Zena asubuhi kabla hajasafiri. Hilo lako halijafunguliwa."

Akida alikuwa na kiburi, lakini njaa haina cheo. "Kamleteni huyo mtu," alisema, "aonje, arudi kazini."

Rajabu aliletwa na mnyororo wake, amekonda, vumbi la mawe kwenye kope. Zena alipomwona akamsogezea sinia. Mume akafunua kawa, akakata kipande, akala polepole sana. Kwa mtu mwenye njaa ya miezi mitatu, upole huo ulikuwa kazi.

Akida naye akala. Akala nusu, akala robo, jasho likamtoka. Kipande cha mwisho kilikuwa na pilipili yote ambayo Zena aliihifadhi tangu asubuhi.

"Maji!" alisema Akida, macho mekundu. "Niletee maji!"

Zena akaleta kibuyu, akampa Rajabu kwanza. Desturi ni desturi. Rajabu akapiga mafunda mawili, akampa Akida, naye akakiinamisha mpaka kikakauka, watu wote wakimtazama.

"Yametosha, Akida?"

"Yametosha. Maji matamu."

"Ni maji ya bondeni, tunayobeba kupanda Newala," Zena alisema. "Na kibuyu ni hicho hicho ulichomkamata nacho mume wangu. Askari wako alikitupa njiani, nikakiokota. Kama ndani yake mlikuwa na dawa ya vita, Akida, na wewe umeinywa leo mbele ya Masasi nzima."

Askari alikitazama kibuyu, kisha akamtazama bwana wake kwa jicho ambalo Akida hakulipenda hata kidogo. Habari za namna hiyo zingefika kwa wakubwa wake, Wadachi wa Lindi, kabla ya jua kuchwa mara mbili.

"Dawa gani?" Akida akafuta midomo. "Haya ni maji tu. Maji ya kunywa!"

"Sote tumesikia," alisema Mzee Mohamedi.

Zena akasimama, akauweka mkono wake juu ya mnyororo wa mumewe, akamwangalia askari.

"Ufunguo," alisema.