Neno Lililoshuka Kwenye Kibao

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla ya kufungua dirisha, mtoa dawa wa zahanati alilowesha kitambaa na kufuta rafu kumi na mbili ambazo hazikuwa na kitu. Wagonjwa walimwita Mama Dirisha, kwa kuwa kwa miaka kumi na sita walimjua kuanzia kifuani kwenda juu tu. Alifuta kwa bidii, maana waraka kutoka makao makuu ulikataza vumbi na haukusema lolote kuhusu utupu. Akimaliza, alifungua dirisha akaanza kuwaambia watu hakuna.

Jumatatu hiyo alikuwa na lake moyoni. Dada yake mkubwa, mshonaji, alikuwa na kifafa, na kwenye kichupa chake vilibaki vidonge vitano, kimoja kwa siku. Akivikosa huanguka, na chumba cha mshonaji hakina mahali pazuri pa kuangukia: huku mkasi, huku pasi ya moto, huku cherehani yenyewe. Mama Dirisha alikuwa anaogopa, na hofu ile ilimfanya afute rafu moja mara mbili.

Saa tatu, neno DAWA lililopakwa rangi nyekundu kwenye kibao juu ya dirisha lilishuka. Lilitanguliza miguu kama mtu anayeshuka ngazi, likazungukia mlango wa nyuma, likajikung'uta, likaketi kwenye rafu ya pili.

"Karibu," alisema Mama Dirisha.

"Asante, mama. Nimechoka kusimama juani nikiwaita watu waje kuchukua kisichokuwepo. Ni aibu."

"Na mimi ninayekaa kivulini nikiwarudisha, nisemeje?"

Neno lilikiri kwamba hata hilo si dogo.

Kwa kuwa foleni haikuwa na la kufanya, neno liliieleza habari zake. Lilitoka kwenye Kiarabu, na huko lilikuwa na mkato wa koo mwishoni, sauti inayokatikia kooni, ila watu wa huku waliona mkato ule ni kujichosha bure, wakauacha. Tangu lifike limefanyishwa kazi za kila namna: wameliweka kwenye meno, kwenye viatu, kwenye mbu, kwenye sakafu, na halijawahi kulalamika. Babu mmoja mwenye mguu uliovimba aliuliza kama lina jamaa. Lilisema wapo tele, tena ni watu wa kutembeleana.

Jumatano jamaa wakaja. La kwanza lilikuwa neno la Kiarabu, kaka mkubwa, na mkato wake wa koo kamili, likakaa rafu ya juu bila kuelekezwa. Yakafuata ya Kiajemi na Kiurdu, yamefanana kama pacha, yote mawili yana V katikati na yanamaliziana sentensi. La Kituruki, *deva*, lilikuwa jembamba na lenye madaha. Mwisho likaja la Kihausa, ambalo halikuwa ndugu bali somo tu. Limeandikwa vilevile, lakini kwao maana yake ni mtama. Lilisema limesikia kuna shida, likaona si vizuri kukaa nyumbani. Kufikia adhuhuri, pamoja na mabinamu na mizigo yao, rafu zote kumi na mbili zilikuwa zimejaa.

"Nyote mnaitwa dawa," Mama Dirisha aliwaambia, "na hamna hata kidonge kimoja cha dada yangu?"

"Sisi ni majina, mama," lilijibu neno la kwenye kibao. "Mali yenyewe iko ng'ambo ya barabara, duka la mke wa mkaguzi wa rafu hizi. Boksi bado zina muhuri wa zahanati."

Foleni iliitikia kwa kichwa. Duka lile lilikuwa na mlango wa kioo, na bei zake mshonaji angeziona kwa macho tu.

Ijumaa mkaguzi alikuja na fomu yake. Alikuwa mtu wa adabu. Alizunguka akisalimia kila rafu, na kwa lile la Kituruki alikawia kidogo. Kisha akasoma swali la kwanza, *Je, rafu zimejaa?*, akaandika ndiyo.

"Bosi," alisema Mama Dirisha, "hawa ni wa kuzungumza nao tu. Dada yangu leo anameza cha mwisho."

"Pole sana, mama. Kweli nakupa pole. Lakini fomu haijauliza habari za dada."

Kwa miaka miwili alikuwa akiandika uongo kwenye swali lile, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameandika kweli. Alionekana kupata nafuu kubwa. Alivuka barabara akipiga mluzi.

Jumapili Mama Dirisha alikwenda kwa dada yake, na maneno yakamsindikiza, kwa kuwa hayakuona vema aende peke yake. Dada alikuwa akipinda ukingo wa pazia. Aliwakaribisha wote, akauliza kama safari ilikuwa njema, akaanguka.

Maneno yalijua la kufanya. La Kiarabu lilimshika kichwa kisigonge sakafu, pacha wakamlaza ubavu, la Kituruki likachomoa pasi, na lile la mtama, lisilo ndugu wa mtu pale, likaondoa mkasi likakaa nao mkononi hadi mwisho. Mama Dirisha alipiga magoti akalia bila kujificha.

Dada alipofumbua macho aliyatazama moja moja, akayashukuru. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, ni nani kati yao aliyekuja na vidonge.

Yalimjibu kwa adabu kwamba hakuna, kila moja kwa lugha yake, na dada, ambaye maishani hakusoma zaidi ya darasa la nne, aliyaelewa yote.