Mzee wa Dirisha la Tatu

Karani wa dirisha la tatu alibonyeza kitufe cha kompyuta, akachukua ufagio. Ndiyo ilikuwa desturi. Kompyuta ile ilitumia dakika arobaini kuwaka, muda wa kutosha kufagia ofisi, kupanga fomu za vyeti vya kuzaliwa na kunywa chai ya kwenye chupa. Watu wa foleni walishaipa jina.

"Mzee kaamka?" mtu aliuliza dirishani.

"Bado ananawa uso," karani alitaka kujibu kama kawaida, ila alipogeuka kioo cha kompyuta kilikuwa tayari, kinamsubiri. Alikuwa hajafagia hata pembe moja. Alisimama na ufagio mkononi, akacheka peke yake.

Miezi mitatu nyuma makao makuu yalituma diski ya kasi kwa kila ofisi, kijibamba chembamba urefu wa kidole, pamoja na barua kwamba sasa kila mwananchi ahudumiwe kwa dakika tano. Hakuna aliyeuliza kompyuta zenyewe zina umri gani. Diski ilibandikwa namba ya mali ya ofisi, ikaingia kwenye droo, kwa sababu ndani ya Mzee hapakuwa na tundu la kuipokea. Wiki iliyopita ikaja barua ya pili: mkaguzi anapita, na dirisha ambalo halijafungwa diski litahesabiwa limelala kazini. Mkataba wa karani ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Kwa miaka tisa aliomba uongezwe kila mwaka, na kila mwaka aliogopa. Safari hii aliogopa zaidi.

Basi Jumamosi alimwita shemeji yake, fundi wa kompyuta, ambaye alikuja na kadi ya kupachikia diski, akapiga magoti chini ya meza nusu siku.

"Shemeji, diski imekaa kwenye kadi," alisema fundi. "Haitakimbia kasi yake yote, njia yenyewe ya zamani, lakini kwenu hapa hata nusu ni sherehe. Shida ni kuwaka. Hii mazabodi, huu ubao unaobeba kila kitu, ulitengenezwa kabla diski hizi hazijazaliwa. Haujui kuanza kuwaka kutoka kwenye diski kama hii."

"Kwa hiyo tumekwama?"

"Hatujakwama. Nimeweka flashi hapa nyuma. Flashi inamwamsha Mzee, inamshika mkono mpaka kwenye diski. Akishafika, anajitegemea. Ila kila asubuhi lazima iwepo. Usiichomoe."

Diski ya zamani ilikuwa inasaga. Ilimaliza kuhamisha mafaili, ikafia mikononi mwa fundi.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu wa kwanza dirishani alikuwa bibi aliyekuwa anafuatilia cheti cha mjukuu wake kwa mara ya nne. Safari zote tatu Mzee alizimika katikati. Leo karatasi ilitoka kabla bibi hajapata miwani yake.

"Nisubiri wapi, mwanangu?"

"Usisubiri, bibi. Ndiyo hiyo."

Bibi aliisoma, akaenda kukaa kwenye benchi akaisoma tena. Karani alijisikia vizuri, kitu ambacho kilikuwa hakijamtokea kazini siku nyingi.

Saa nne akafika mkaguzi, mtu mpole mwenye fomu kwenye ubao wa kuandikia. Alichungulia ndani ya kompyuta, akalinganisha namba ya diski, akatia tiki. Kisha akazunguka nyuma.

"Hii nini, dada?"

"Flashi, mkuu. Bila hiyo haiwaki."

"Flashi hairuhusiwi kwenye mashine yenye taarifa za wananchi." Akaichomoa. Kioo hakikutikisika. "Mbona inawaka?"

"Imeshawaka, mkuu. Mimi nasema kesho."

"Mimi nimekuja leo."

Aliitia flashi kwenye bahasha, akaandika namba juu yake, halafu akaziba matundu yote ya flashi kwa stika yenye mhuri. Atakayeibandua, alisema bila ukali, amejifukuza kazi mwenyewe.

"Basi andika kwamba mashine ni ya zamani," karani alisema. "Kwamba mlituma diski bila kuuliza."

Mkaguzi aliigeuza fomu, akatafuta kwa moyo mmoja. "Hapana mahali pa kuandika hivyo. Kuna ndiyo na hapana." Akarudi mbele. "Sasa zima, uwashe, nipime muda wa kuwaka."

Karani alitazama nje. Foleni ilifika mpaka getini.

"Nikizima, mkuu, hawa wote wanarudi nyumbani. Nitazima, lakini utoke wewe ukawaambie."

Mkaguzi aliwatazama watu, watu wakamtazama. Akashusha kalamu.

"Kwa kawaida inachukua muda gani?"

"Leo iliwaka kabla sijamaliza pembe moja."

"Nipe kwa sekunde."

"Sijui. Thelathini."

Akaandika thelathini, akatia tiki penye kifaa kisichoruhusiwa na penye mkataba kuangaliwa, akampa asaini, akaenda zake.

Karani hakwenda kula mchana. Alipiga kazi huku mgongo ukiwaka moto, vyeti vikitoka kimoja baada ya kingine, na saa tisa na nusu akainua kichwa akakuta dirishani hakuna mtu. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Alitamani kulifurahia, lakini alikuwa amechoka mno.

Saa kumi mlinzi alikuja kuzima swichi za umeme.

"Niachie hii moja, kaka. Usiku mmoja tu."

"Ningekuachia, dada. Lakini kuna karatasi nasaini kwamba nimezima zote."

Karani alimwelewa. Yeye mwenyewe alisaini karatasi ya namna hiyo asubuhi. Akavuta droo, akatoa bango walilokuwa wakiliweka dirishani siku zote mambo yakiharibika: MTANDAO HAKUNA. Akaligeuza, akawaandikia nyuma watu wa kesho kwa kalamu ya wino mzito:

*Mtandao upo. Kompyuta hii ni nzima, jana ilihudumia foleni yote. Kinachoiwasha kimechukuliwa na mkaguzi, kiko makao makuu, bahasha namba 212. Kadaini huko.*

Chini yake akaweka saini yake kamili, ile ile ya kwenye vyeti, akalibandika kwenye kioo cha dirisha likitazama nje.

"Haya, kaka," alimwambia mlinzi. "Zima."