Nyasi za Baba

Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, amekumbatia magoti, akipumua kama mlango wa kabati unaolilia mafuta. Baba, akiwa amesimama kizingitini, akatangaza kwamba basi la kwenda kwa shangazi linaondoka Jumamosi asubuhi. Hakuna aliyebisha. Nyumbani kwetu baba akishatangaza jambo, hata saa ya ukutani hupunguza sauti.

Ilikuwa likizo ya mwaka jana. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni na kumkuta mdogo wangu yuko taabani. Ana pumu, na kwa ule ukatili wa mapenzi unaopatikana katika familia pekee, tulimwita Kinanda kwa sababu ya muziki wa kifua chake. Shangazi anaishi mbali, kwenye baridi na mawe, ambako inasemekana hewa ni safi. Kinanda angehamia huko, shule na maisha yote, mpaka akue.

Baba alipotoka, Kinanda alinivuta shati. “Kaka, fanya kitu,” akasema kwa pumzi za kukopa. Akapumzika. “Ila safari hii kiwe cha kweli.”

Nyongeza hiyo iliniuma, lakini ilikuwa na msingi wake.

Mtaa wetu ni wa watu wanaopenda unadhifu. Mageti yamepakwa rangi, magari yanaoshwa kila Jumapili, na mwenyekiti wetu, hakimu mstaafu, huzungumza na majirani kana kwamba wote wako kizimbani. Miaka michache nyuma watu walianza kupiga chafya. Kamati ikakaa na kutoa hukumu: mkosaji ni vumbi la barabara, na dawa ya vumbi ni nyasi. Kila nyumba ikaamriwa kupanda mbele ya geti nyasi ndefu za mapambo, zile zenye mikia laini inayoyumba kwa upepo. Mwaka uliofuata chafya zikaongezeka. Kamati ikakaa tena, ikatafakari kwa kina, ikaamua kwamba nyasi hazijatosha.

Hakuna aliyezitunza kama baba. Yeye ni mwalimu wa udereva, mtu aliyezeeka kwa subira, na kila jioni alizimwagilia kwa mkono wake mwenyewe. Zilikuwa ndefu kuliko za mwenyekiti. Hakuwahi kulisema hilo, lakini alikuwa akipita mbele ya geti la mwenyekiti polepole kuliko lazima.

Sasa, shuleni tulikuwa tumefundishwa chavua, ule unga wa maua. Mwalimu wetu wa bayolojia alisema nyasi nazo huchanua, ila hazina haja na nyuki. Kazi yote huuachia upepo, na upepo hauchagui pua. Mwalimu huyo anaishi mtaa wa pili kutoka kwetu, bahati mbaya yake. Aliniazima hadubini ndogo baada ya kuniuliza mara tatu nataka kumfanyia nani nini.

Nikapaka mafuta ya mgando kwenye vioo vyembamba ili kinachopeperuka kinase. Kimoja nikakiweka kando ya barabara, kingine katikati ya nyasi za baba, cha tatu kando ya kitanda cha Kinanda. Kile cha barabarani kilinasa vumbi lenye kona kona, kama kokoto. Cha nyasi kilijaa punje za mviringo, kila moja na kitundu kimoja, kama mpira uliotobolewa. Na cha chumbani kilijaa mipira ileile.

Furaha ikanipanda kichwani. Nikatundika getini ubao: CHAVUA LEO NI NYINGI. FUNGA MADIRISHA.

Tatizo ni kwamba likizo iliyotangulia nilikuwa nimebandika tangazo la mkutano wa mtaa ambao haukuwepo. Watu walihudhuria, wakajadili, wakaahirisha, wakapanga tarehe ya mwingine. Kwa hiyo majirani waliusoma ubao wangu wakacheka hadi wakashika mageti yao. Mwenyekiti aliuleta sebuleni kwetu ameubana kwapani, akamweleza baba kwamba anayezidhihaki nyasi anaudhihaki mtaa. Baba akaomba radhi kwa niaba yangu. Kisha, bila hata kunigombeza, akaniagiza nikamtolee Kinanda begi la safari.

Ningeweza kulipiza kisasi. Nilikuwa na mpango maridadi uliohusu gari la mwenyekiti na gunia la vitunguu, na bado nimeuhifadhi. Kinanda alinisikiliza mpaka mwisho.

“Shida si vioo, kaka,” akasema. “Shida ni wewe.”

Akadai vioo vipya. Akavipaka mwenyewe na kuvitega mwenyewe, kitambaa kikiwa kimemfunika pua, huku akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pampu yake. Mimi nilipigwa marufuku kukanyaga mlango wa chumba chake. Sijawahi kutii amri kwa uaminifu kiasi kile, na walimu wangu wa zamu ni mashahidi.

Ijumaa asubuhi, mama alipoondoa vikombe, tuliiweka hadubini mezani. Ninapoikumbuka asubuhi ile sasa, bwenini, kinachonijia ni mgongo wa baba ulivyoinama, na jinsi ulivyokawia kunyooka. Alitazama kioo cha barabara. Akatazama cha nyasi. Akatazama cha tatu, akarudi kwa cha pili, akarudi tena kwa cha tatu.

“Hiki kimetoka wapi?”

“Chumbani kwake,” nikasema.

“Usinitanie leo.”

“Hajatania, baba,” Kinanda akasema. “Nimekitega mimi, nimekitoa mimi. Yeye hajakigusa.” Akavuta pumzi, tukaisikia sote ikipanda ngazi. “Sitaki kwenda. Lakini kama ni lazima, nisipelekwe kwa kosa la nyasi.”

Baba akavua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi. Alipozungumza, aliniuliza mimi, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, unga ule huruka wakati gani. Nikamjibu kwamba huanza umande ukikauka.

Jumamosi, kabla jua halijachungulia, alikuwa nje na fyekeo, kitambaa kibichi kikiwa kimefungwa usoni. Alikata kimyakimya, akiishika mikia michache michache kwa mkono kabla ya kuipiga, kama mtu anayemvua mtoto nguo. Mama alishikilia magunia. Mapazia ya majirani yalitikisika. Kinanda alibaki ndani. Saa ya basi ikaja ikapita, na hakuna aliyeitaja.

Mbele ya geti letu palipobaki vipara, nikamwambia baba ukweli: chavua ya nyumba moja ni tone, na mtaa mzima bado umesimama ukiyumba.

“Naona,” akasema. Alikuwa akitazama geti la mwenyekiti.

“Umwombe kwanza,” mama akamwonya.

“Nitamwomba.” Akalitundika fyekeo begani. “Nitamwomba nikiwa nimelishika.”

Umande ulikuwa bado haujakauka. Nikaokota gunia tupu, nikamfuata.